Barua ndani ya kiroba cha karanga

Kibaigwa, Kongwa
Jumapili jioni, mwezi wa sita

Mpenzi Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetushika kweli, asubuhi vidole havikunjiki mpaka jua lipande. Natumaini nawe hujambo, na shemeji, na mjukuu wetu, na mama yako ambaye naambiwa sukari yake imetulia kidogo. Mwambie namkumbuka.

Barua hii nimeiweka ndani ya kiroba makusudi. Kwenye simu nilipoanza kukueleza ulinikatiza ukasema, "Mama Neema, siku hizi umekuwa bahili." Uliagiza debe mbili za karanga na kilo kumi za unga wa lishe wa mtoto. Ukifungua utakuta debe moja, na unga haumo kabisa. Si ubahili, rafiki yangu. Kaa chini unisome.

Mwaka huu mvua zilikatika mwezi wa pili, karanga zikiwa ndiyo kwanza zinajaza. Ziliporudi, ganda lilikuwa limeshapasuka kwenye udongo. Karanga iliyopigwa na ukame hivyo ukungu unaiingia ikiwa bado shambani, na mtu akija kuianika chini kwenye vumbi au kuifungia kwenye gunia haijakauka, ndiyo anaumalizia kazi. Ukungu huo unatoa sumu inayoitwa sumukuvu. Haina harufu, haina rangi, wala ulimi hauwezi kuijua. Kibaya zaidi, moto hauiondoi. Ukaange karanga, uchemshe makande mchana kutwa, usonge ugali uive, sumu ipo palepale.

Unakumbuka mwaka 2016, ule ugonjwa uliozuka huku Dodoma, hasa Chemba na Kondoa, na kwa jirani zetu wa Manyara? Watu macho yanakuwa ya njano, tumbo linavimba, wanatapika, na mwanzoni hakuna aliyejua ni nini. Watoto walikuwemo. Watu wapatao 20 walifariki. Ilipokuja kupimwa, ikaonekana ni sumukuvu, imo kwenye mahindi yaleyale waliyoyalima wenyewe na kuyahifadhi ndani. Mimi wakati ule nilisikia, nikasikitika, nikaendelea na shughuli zangu, maana niliona ni mambo ya kwa watu wa Chemba. Leo ndiyo naona kwamba ghala langu halikuwa na tofauti yoyote na la kwao.

Na hao ni wale waliokula nyingi kwa mara moja. Kidogo kidogo, kila siku, miaka kwa miaka, sumu hii inaharibu ini mpaka inaleta saratani, na aliye na homa ya ini B yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana nilikuuliza kama mjukuu amemaliza zile chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kinga ya homa ya ini B imo humo humo. Kama kuna iliyorukwa, mpelekeni, asisubiri.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nikose usingizi. Hapa Kibaigwa unajua soko letu la mahindi lilivyo, malori yanatoka kila upande. Mnunuzi anachagua. Karanga nene zinazong'aa na mahindi meupe ndiyo yanayokwenda sokoni. Chenga, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zenye madoa, zinabaki nyumbani, tunakula sisi. Na katika hizo zilizobaki, zile mbaya kuliko zote, ambazo hata kwenye mboga zingeonekana, tunafanyaje? Tunazipeleka mashineni. Zikishasagwa hakuna anayeziona tena. Unga ule ndio tunaouita wa lishe, ndio tunaomkorogea mtoto wa miezi saba. Mama Baraka, nimewalea watoto wanne kwa unga huo. Nilikuwa najisifu nao.

Ndiyo sababu sikukutumia. Huku kwetu bado kuna mashindano, mtu anachanganya mahindi, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga na mbegu za maboga, eti vikiwa vingi ndiyo lishe zaidi. Mimi nimeacha. Kimoja tu kikiwa kibovu kimeharibu vyote, na hutajua ni kipi. Mkorogee uji wa nafaka moja, uwele au mtama uliokaguliwa. Hizi hushikwa na ukungu kidogo kuliko mahindi, ingawa nazo uzitazame. Karanga uzikaange na kuzitwanga mwenyewe, za siku mbili tatu tu, halafu siku nyingine utie maziwa, siku nyingine yai au dagaa waliotwangwa. Na mkwe wetu aendelee kunyonyesha mpaka mtoto afike miaka miwili. Akisema maziwa yamepungua, mwambie ampe ziwa mara nyingi zaidi, na nyumba yote imhakikishie chakula.

Kuhusu hizo karanga zako. Aliyezichambua ni mama mkwe. Najua utashangaa, maana mara ya mwisho ulipokuja ulimkuta amekaa pembeni na leso machoni, akijifuta machozi mchana kutwa. Ilikuwa trakoma, ule ugonjwa wa macho tuliozoea kuuita vikope. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, kila anapopepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Alikuwa na kibanio chake kidogo amekifunga kwenye pindo la khanga, anazing'oa moja moja, baada ya wiki mbili zimeota tena, ngumu kuliko mwanzo. Miaka mingapi! Na sisi tulikuwa tunasema ni uzee.

Mwaka jana walipokuja wataalamu wa macho kituo cha afya tulimpeleka. Walimchoma ganzi, wakaigeuza kope nje, wakashona. Saa moja haikufika. Jicho la kulia limeshafunga ukungu, hilo halikurudi, walituambia ukweli tangu mwanzo kwamba upasuaji unazuia tu lisizidi kuharibika. Lakini la kushoto linaona. Siku ya kutoa bandeji aliomba aletewe ungo.

Nilikaa naye siku nne tukichambua. Anamwaga viganja viwili kwenye ungo, anazitandaza, anaupeleka kwenye jua. Kwanza anaokota zilizovunjika. Kisha zilizosinyaa, halafu zenye weusi kwenye ncha ya kiini. Ile yenye unga wa kijani uliochanganyika na njano haigusi kwa mkono mtupu, anaisukuma kwa kijiti. Akiwa na shaka na moja anaipasua katikati kwa ukucha, maana kuna zinazopendeza nje na ndani zimeoza. Katika debe tatu nilizobangua tulitoa karibu visado viwili vya kutupa.

Na kutupa kulileta maneno, nisikufiche. Mama mkwe amekulia kwenye njaa, kwake chakula hakitupwi. Huku Kongwa ndiko Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, ardhi ikakauka kama tofali, na mwaka 1951 wakaondoka wameshindwa. Ardhi iliyowashinda wale, wewe umeilima kwa jembe la mkono ukapata gunia nne, halafu mtu anakwambia mwaga! Akasema basi tuwape kuku. Nikamweleza kwamba hata kuku inawadhuru, na ng'ombe akila sumu inapita mpaka kwenye maziwa. Alinyamaza muda mrefu. Jioni nikamkuta nyuma ya nyumba na jembe dogo, amechimba shimo, anazifukia mwenyewe.

Nina jambo la Baba Neema pia. Siku ile ya macho alitusindikiza tu, amekaa kwenye benchi anamsubiri mama yake, muuguzi akapita na kipimo cha presha, akampima. Ilikuwa 160 kwa 100. Hakuwa anaumwa kichwa, hakuwa na kizunguzungu, hakuwa na kitu. Wakampa tarehe ya kurudi, ikapimwa tena, ikawa bado juu, sasa anakunywa dawa kila siku. Nakuomba shemeji apimwe wiki hii, na wewe pia. Usisubiri mtu aanguke.

Chumvi nimeiondoa mezani. Sasa ninaitumia kupimia mahindi, na njia hii nakufundisha kwa sababu najua unanunua gunia zima. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka robo, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri kwa dakika chache, halafu iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani, juu ya turubai, si kwenye sakafu wala udongo. Ikiteleza yote chini, yamekauka, hifadhi. Gunia liweke juu ya mbao, lisiguse ukuta. Sisi mwaka huu tumenunua ile mifuko ya kinga njaa yenye nailoni mbili ndani, unafunga hewa isiingie, hata dawa ya wadudu hutii.

Watoto wetu wadogo hapa nao nimewatengenezea kibuyu chirizi mlangoni, lile dumu la lita tano linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Maji tunanunua, lakini kikombe kimoja kinatosha uso wa mtoto mmoja asubuhi, na uso msafi inzi hautui. Kila nikimwona mjukuu wa jirani na makamasi yaliyokauka na inzi kwenye kona ya jicho, namwona mama mkwe na kibanio chake. Namwita, namnawisha. Mama yake hajanuna bado.

Kiroba nitampa kondakta wa basi la asubuhi, nitakupigia likishapita Morogoro ili umtume Baraka stendi. Ukifika nacho usikiache kwenye nailoni, zimwage kwenye ndoo kavu yenye mfuniko.

Chini kabisa utakuta fundo dogo la kitambaa cha bluu. Hilo si langu. Mama mkwe alizichagua karanga hizo mwenyewe usiku wa jana, moja moja kwenye mwanga wa taa, akaniambia ni za mtoto wa Baraka. Anza na hizo.

Rafiki yako,
Mama Neema