Bwawa la majitaka likinuka, pimeni tope kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila yanapozungumzwa majitaka katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kilio huwa kilekile: mabwawa yananuka, yanaleta mbu, tuletewe mtambo wa kusafisha majitaka. Naomba nafasi niyatetee mabwawa. Mtambo hudai umeme usiku na mchana, na siku bili isipolipwa majitaka huingia ziwani yakiwa mabichi. Bwawa huendeshwa na jua.

Tuchukue kitongoji cha watu 1,000 kilichounganishwa kwa mabomba, kila mtu akitoa lita 60 za majitaka kwa siku. Majitaka yapite mabwawa manne yanayofuatana. Bwawa la kwanza, kina mita 3, linahitaji mita za ujazo 130 hivi tu. Humo hamna hewa. Uchafu mzito hutua na bakteria huumeng'enya, na zaidi ya nusu ya kazi huishia hapo. La pili ndilo kubwa: mita za mraba 640, kina mita 1.5, maji yakae siku 16. Mwani, vile vijimea vya kijani vya majini, hutoa oksijeni mchana, bakteria huitumia. Kisha mawili ya kina cha mita 1, siku 5 kila moja, ambamo mwanga wa jua huua vijidudu. Eka moja inatosha, mradi iwe nje ya zile mita 60 za ukingo wa ziwa zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwenye kichanga, sakafu ishindiliwe udongo wa mfinyanzi.

Sasa harufu. Mtu mmoja huacha takribani lita 40 za tope, yaani uchafu unaotua chini, kwa mwaka. Watu 1,000 ni mita za ujazo 40. Maana yake bwawa la kwanza hujaa theluthi moja baada ya mwaka na kidogo, na hapo ndipo tope linapaswa kutolewa. Likiachwa miaka mitatu, bwawa karibu lote ni tope. Majitaka hupita juu kwa saa chache badala ya siku mbili, mzigo wote unahamia bwawa la pili, oksijeni inakwisha, maji ya kijani yanageuka zambarau na kijiji kinanuka mayai viza. Hakuna mtambo uliohitajika hapo. Ilihitajika pampu ya tope.

Kupima ni rahisi. Chukua mti mrefu kuliko kina cha bwawa, uzungushie taulo jeupe, uzamishe wima hadi chini, subiri kidogo, uvute polepole. Alama nyeusi kwenye taulo ndiyo kimo cha tope. Litolewe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, likauke juu ya mchanga na kokoto. Lisikimbizwe shambani, kwani mayai ya minyoo huweza kuishi humo zaidi ya mwaka.

Chanzo kingine cha harufu ni magari ya kunyonya vyoo. Magari mawili ya lita 5,000 yanaweza kumwaga uchafu unaozidi wa kitongoji kizima kwa siku. Damu na mafuta ya samaki navyo vizuiwe mwaloni, wanakoshushwa samaki, kwenye chemba ya kunasa mafuta, la sivyo utando mzito utafunika maji na mwanga hautapita.

Mbu hawazaliani katikati ya bwawa linalopigwa na upepo. Huzaliana kwenye majani ya ukingoni, wanakojificha pia konokono wa kichocho. Ukingo ujengewe mawe, ambayo Mwanza hatuna uhaba nayo, na nyasi zifyekwe kila wiki mbili. Bomba la kuingizia na la kutolea yawe kwenye pembe zinazotazamana, la sivyo maji hukata njia ya mkato. La kutolea lianzie chini ya uso wa maji ili utando usitoke nayo.

Mabwawa yana udhaifu mmoja wa kweli: fosforasi nyingi hupita, nayo ndiyo inayolisha mwani na gugu maji ziwani. Kwa hiyo maji ya mwisho yamwagilie miti na majani ya ng'ombe.

Ombi langu kwa halmashauri zetu: kabla ya kuidhinisha bwawa jingine, wananchi waoneshwe fungu la fedha za kutoa tope na mshahara wa mtu mmoja mwenye fyekeo, reki, buti na glavu.

Msomaji wako,
Ilemela, Mwanza