Mjomba anataka niingie jeshini nipate ada ya chuo. Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Bombo, Uganda, na mama na wadogo zangu. Nilimaliza S.6, yaani kidato cha sita, nikafaulu, nikapata nafasi Chuo Kikuu cha Kyambogo kusomea uhandisi wa umeme, ila kwa kujilipia. Zile nafasi 4,000 ambazo serikali hudhamini kila mwaka kwa nchi nzima hazikunifikia. Mama anauza samaki sokoni, na ada ya muhula mmoja hawezi kuipata hata akiuza na meza yenyewe.

Aliyenilipia S.5 na S.6 ni mjomba, askari wa UPDF, jeshi la Uganda. Sasa anakaribia kustaafu na amenieleza wazi kwamba uwezo wake umeishia hapo. Shauri lake ni niandikishwe kuruta, niende mafunzo Kaweweta, kwenye shule ya makuruta, halafu jeshi litanisomesha. Mjomba hanitakii mabaya, naomba hilo lieleweke. Lakini kila nikimuuliza ni karatasi gani inayosema kuruta akishamaliza mafunzo atapelekwa chuo kikuu, ananijibu kwamba jeshini mtu huomba kwa kamanda wake.

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu kuomba si kuahidiwa. Jirani yetu mmoja, koplo, alianza kusoma uhasibu wikiendi kwa mkopo wa SACCO. Akapelekwa Somalia, masomo yakasimama. Aliporudi akajiandikisha upya, mara ikaanza Operesheni Shujaa kule Kongo mwishoni mwa 2021, akaondoka na kikosi chake. Mkewe alinionyesha madaftari yake, yamefungwa kwa kamba ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda. La mwisho limeandikwa kurasa chache tu, na hesabu ya mwisho imeachwa bila jibu. Mkopo bado anakatwa kwenye mshahara. Askari akiitwa anakwenda, ndiyo kazi yenyewe, wala simlaumu mtu. Ila uhandisi ni miaka minne ya kukaa darasani.

Kuna pia binamu yangu aliyeko Boston, ambaye aliingia jeshi la Marekani. Kule iko sheria ya kuwasomesha wanajeshi tangu 1944. Siku hizi aliyetumikia miaka mitatu hulipiwa ada yote ya chuo cha umma kwa miezi 36 ya masomo, na pesa ya nyumba juu yake. Mjomba akisikia hayo ananitazama kama kwamba ubishi umekwisha. Lakini ile ni haki iliyoandikwa katika sheria ya Marekani, na binamu aliweza kujiunga kwa sababu ana kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Mimi niliye Bombo hainisaidii lolote.

Njia ninayoitaka ni mkopo wa serikali wa wanafunzi wa elimu ya juu, ulioanza 2014. Hulipa ada, na kuurudisha huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Chakula na chumba haulipi, hilo nalijua. Nimeshapanga kulala kwa mama mdogo Banda, karibu na chuo, nimsaidie dukani jioni. Tatizo ni wadhamini. Mtu mwenye mshahara katika ukoo wetu ni mjomba, na yeye anasema msichana mwenye deni ataolewa na deni lake. Neno hilo liliniumiza sana.

Wala siyo kwamba nalichukia jeshi, Shangazi. Nimekulia karibu na kambi, na Kiswahili hiki nimekipata kwa watoto wa askari. Nikiwa na digrii yangu ningependa kuomba ukadeti, yaani mafunzo ya uofisa, niende chuo cha jeshi cha Kabamba nikiwa mhandisi tayari. Jeshi linahitaji mafundi wa umeme kama linavyohitaji wabeba bunduki. Nilipomwambia mjomba hivyo alinyamaza. Mama anasema nisimjibu tena mtu aliyenisomesha.

Umri wa kuandikishwa kuruta nao hausubiri. Nikikataa safari hii, huenda mlango huo usifunguke tena kwangu.

Nakuomba unishauri. Je, nimfuate mjomba mwenyewe nimwombe anidhamini kwenye mkopo, au nimtume mtu mzima wa ukoo aongee naye kwa niaba yangu? Na akikataa kabisa, niahirishe chuo mwaka mmoja nifanye kazi, au niende Kaweweta kama anavyotaka?

Binti wa Bombo