Minyoo haitolewi na chembe nyeupe peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu minyoo ya utumbo ilizipa chembe nyeupe za damu sifa zote. Mimi ni mtunza panya wa maabara, na hapo mmewapunja wengine. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa seli adimu za ukuta wa utumbo, zenye kishungi kichwani, ndizo hupiga mbiu kwa kutoa interlukini-25, protini ya kupeleka ishara kwa seli nyingine. Seli za kinga huitikia kwa ishara nyingine, interlukini-13. Ute hufurika, utumbo hujikaza, na mnyoo wa panya aitwaye Nippostrongylus husukumwa nje ndani ya wiki mbili hivi. Ukiupasua utumbo siku hizo, unateleza hata kwenye glavu! Heligmosomoides, mnyoo mwingine wa panya, ni mjanja zaidi: hutoa protini za kuzima ishara za kinga, akakaa miezi. Mbona hamkumtaja?

Mtunza panya