Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: msanii asidaiwe imani ya hadhira

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu fomu ya ruzuku ya sanaa, hasa sehemu inayomtaka mwombaji aeleze, kabla hata hajaandika onyesho la kwanza, kazi yake itabadili imani gani ya hadhira na badiliko hilo litapimwaje.

Sipingi sanaa yenye msimamo. Msanii akitaka kumng'oa mtazamaji kwenye jambo analoliamini, hiyo ni haki yake. Ninachopinga ni kuligeuza kusudio lake kuwa deni analodaiwa na serikali, kwa sababu athari ya kazi haimtii aliyeitunga. Upton Sinclair alipochapisha riwaya ya The Jungle mwaka 1906, alitaka Wamarekani wawahurumie wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago na wauelekee ujamaa. Wasomaji wakachukizwa zaidi na uchafu wa nyama waliyokuwa wakiila, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria za ukaguzi wa nyama na usafi wa vyakula. Mwenyewe alilalamika kwamba alilenga moyo wa umma akapiga tumbo. Kwa fomu yako, Mheshimiwa, angehesabiwa kuwa ameshindwa.

Serikali nazo hazina shabaha nzuri zaidi. Mjini Munich mwaka 1937, utawala wa Hitler ulifungua onyesho la sanaa iliyoidhinishwa na, karibu wakati uleule, jingine la kudhihaki sanaa iliyoitwa potovu, ambamo picha zilitundikwa ovyo na kejeli zikaandikwa ukutani ili mtazamaji asikosee la kuamini. Watu wapatao milioni 2 walikwenda kwenye hilo la pili, wengi kuliko waliokwenda kwenye la kwanza. Wangapi walikwenda kucheka, na wangapi kuziaga picha walizozipenda, hakuna dodoso ambalo lingetuambia.

Hasara kubwa zaidi huonekana jukwaani. Mwandishi aliyekwisha kuahidi badiliko humfanya mhusika mwenye imani isiyotakiwa kuwa mpumbavu tangu anapoingia, kwa kuwa akimpa hoja nzito huenda hadhira ikamwelewa. Basi mtazamaji mwenye imani hiyohiyo, ambaye ndiye aliyekusudiwa, hajioni pale. Anamwona kikaragosi, na anatoka kama alivyoingia.

Naomba sehemu hiyo ifutwe, na waombaji wapimwe kwa mswada wenyewe, usomwe na watu wanaoijua kazi hiyo.

Wako,
Mwandishi wa tamthilia