Mageuzi ya Antorini na saa za walimu

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu Christine Antorini, waziri wa elimu wa Denmark kuanzia 2011 hadi 2015, imesifu mageuzi yake ya shule za msingi bila kugusa kilichoyatia doa. Ratiba yenyewe ilipangwa vizuri: tangu Agosti 2014 darasa la awali hadi la tatu walipewa saa 30 kwa wiki, la nne hadi la sita 33, la saba hadi la tisa 35, pamoja na mazoezi ya mwili wastani wa dakika 45 kila siku.

Kosa lilikuwa mpangilio wa hatua. Aprili 2013 manispaa, ambazo ndizo waajiri, ziliwafungia walimu nje, yaani ziliwazuia kufanya kazi katika mvutano wa saa za kazi, kwa takriban wiki nne, kisha Bunge likawawekea saa za kazi kwa sheria, bila makubaliano. Vipindi vikaongezeka; muda wa kuviandaa ukabaki kwa hisani ya mkuu wa shule. Mwafaka kuhusu saa hizo ulipatikana 2020, waziri mwenyewe akiwa ameshaacha siasa.

Naomba mchapishe nyongeza yenye tarehe hizo. Na wizara yoyote inayotaka kurefusha siku ya masomo ikubaliane kwanza na walimu kuhusu saa za maandalizi, ndipo ichapishe ratiba.