Barua kwa wanangu mnaochukua dawa CTC

Wanangu,

Marahaba nyote. Nawaandikia ninyi wanawake mnaochukua dawa kwenye kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, hasa mnaojivunia, kwa haki kabisa, kwamba virusi vimefubaa hata kipimo hakivioni. Hongereni sana. Lakini nikiuliza kwenye vikundi nani amechunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, wengi mnatazama chini, na jibu ni lile lile: "Mama, mimi siumwi."

Saratani hii haianzi na maumivu. Inaanza na kirusi kingine, HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi sana hukutana nacho. Mwili wenye kinga imara hukifukuza wenyewe, mara nyingi ndani ya miaka 2. Kinga iliyodhoofishwa na VVU hushindwa, kirusi kikakaa na kuanza kubadili chembechembe za mlango wa kizazi. Ndiyo maana hatari yenu ni takribani mara 6 ya mwanamke asiye na VVU. Kwa mwenye kinga imara, kutoka kwenye mabadiliko hayo hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa chini na bila matibabu, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Dawa zenu za ARV zinawalinda, msizikatishe, ila hazikutoi kwenye orodha ya wanaopaswa kuchunguzwa.

Nimekuwa mkunga muda mrefu, najua kinachowatisha zaidi ni kile kitanda. Basi niwaambie kinachofanyika. Unalala chali, unakunja magoti, nesi anaingiza kifaa cha kufungua uke. Ni cha baridi, kinabana kidogo. Vuta pumzi, legeza mapaja. Anapaka siki kwa pamba, anasubiri kama dakika moja, anamulika taa. Pazima pana rangi ile ile ya waridi, palipobadilika panageuka peupe. Unaweza kuhisi kuwashwa kidogo, basi. Ukiona haya kwa nesi wa kiume, omba wa kike, ni haki yako. Penye kipimo cha vinasaba vya HPV, unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe.

Na hapa nawasihi. Weupe ule si saratani. Wapo waliotoka chumbani wakilia, wakaanza kuusia watoto, wasirudi tena kliniki, na kumbe kilichoonekana ni mabadiliko ya awali yanayotibika, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa tiba mgando (kuligandisha doa) au ya joto (kuliunguza). Unarudi nyumbani kwa miguu yako. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na usijamiiane kwa takribani mwezi mmoja mpaka kidonda kipone. Mwanaume aambiwe mapema. Ukishindwa, mlete kwa nesi amwambie yeye, maana nimeona tiba nzuri ikiharibika kwa sababu mke aliogopa kusema "subiri".

Doa likiwa kubwa au lenye shaka utapewa rufaa, pengine hadi hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando au KCMC. Nenda wiki hiyo hiyo. Maombi yaende nawe, wala sikukatazi, lakini mizizi ya kuweka ukeni sitaki hata kuisikia.

Umri wa kuanza kwenu ni miaka 25, si 30 kama wengine. Kwa siki, rudi kila baada ya miaka 3, kwa kipimo cha HPV, miaka 3 hadi 5. Uliyetibiwa, rudi baada ya mwaka. Ukitokwa damu baada ya tendo, au damu imerudi baada ya kukoma hedhi, usingoje tarehe yoyote.

Binti zenu wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya HPV, tunayo Tanzania nzima tangu 2018. Binti anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya dozi moja, kwa hiyo mwambieni mchanjaji hali yake.

Tarehe yenu ijayo ya dawa, kabla hamjaondoka dirishani, ulizeni chumba cha uchunguzi kiko wapi na kinafunguliwa siku gani. Kama uko hedhini, panga siku nyingine hapo hapo, waiandike kwenye kadi.

Mama yenu,
mkunga mstaafu