Albumini sio ya kutuongezea hela

Juzi tena mteja kasimama kaunta ya maabara yetu hapa Mbagala anafoka tunamwibia, eti baba yake mwenye kansa ya figo kaandikiwa kipimo cha kalsiamu, sasa albumini ya nini. Fomu ninayo mkononi, daktari kaandika zote mbili. Ngoja niandike mara moja maana hii kesi nimeichoka.

Kalsiamu kwenye damu karibu nusu yake inabebwa na protini, na mbebaji mkubwa ndo huyo albumini. Sasa mgonjwa wa kansa ya figo akishadhoofu, hali chakula vizuri, albumini inashuka na kalsiamu ya jumla inashuka nayo, majibu yanatoka yamenyooka kumbe ile isiyobebwa inaweza kuwa iko juu.

Kuna dada mwaka jana alileta fomu ya mzee wake, albumini kaikata mwenyewe kwa peni. Tukapima kalsiamu peke yake, milimoli 2.45 kwa lita, ukiiangalia nzuri kabisa. Daktari kawarudisha siku ileile, mzee wa watu kapanda bajaji mara ya pili, mishipa yenyewe ya kubembeleza, tumeupata mmoja nyuma ya kiganja. Albumini ikatoka gramu 25 kwa lita. Hesabu iko hivi, kila gramu inayopungua chini ya 40 unaongeza 0.02, kwa hiyo kalsiamu ya mzee ni 2.75, imeshavuka mpaka wa juu wa kawaida. Hela aliyookoa dada iliishia kwenye bajaji na ikabidi aongeze.

Na hiyo kalsiamu sio pambo. Kansa ya figo ikishasambaa, madaktari wanahesabu alama 6 kujua mgonjwa anaelekea wapi, na 4 zinatoka kwetu maabara: himoglobini kushuka, kalsiamu iliyorekebishwa kwa hesabu hiyo ya albumini kupanda, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) kupanda, chembe sahani (zinazogandisha damu) kupanda. Asiye na alama hata moja yupo kundi zuri, akipata moja tu keshahamia la kati, zikifika 3 kundi baya. Ndo ujue peni ya yule dada ilikata nini.

Halafu wapo wazima wanaokuja na hela mkononi, "nipimie kansa ya figo kwenye damu". Hatuuzi, kipimo hicho cha kawaida hakipo bado. Kreatinini, kile kipimo cha kazi ya figo, inaweza kutoka safi na uvimbe upo, figo moja inabeba kazi ya mwenzie. Ipo protini inaitwa KIM-1, mwaka 2018 watafiti walitoa majibu ya damu iliyohifadhiwa Ulaya ya watu 190 waliokuja kupata kansa ya figo, ilichotwa hadi miaka 5 kabla haijagundulika, na KIM-1 ilikuwa juu kuliko ya wenzao wasiougua. Ila inapanda pia figo ikiumia kwa sababu nyingine. Ukikojoa damu nenda hospitali ukafanyiwe altrasaundi, usije kwetu kutafuta njia ya mkato.

Na bei, jamani. Kaja kijana na damu kachotewa mtaani kwao kwa bei ya kutupa, kalsiamu ikasoma karibu na sifuri, potasiamu ya mtu aliyetakiwa awe keshakufa, na yeye kasimama mbele yangu anatafuna mhogo. Aliyemchota aliona chupa ya kifuniko cha njano haijajaa akaimiminia damu ya kwenye chupa ya zambarau, ambayo ina dawa ya kuzuia damu isigande, dawa yenyewe ina potasiamu na inakamata kalsiamu yote. Tukamchota upya, kwa bei ileile iliyoandikwa ubaoni.